Abiria tu

Leo ni siku ya tano na lile neno "tu" bado linanikereketa.

Mnaijua Peugeot 404 ya Mjomba, ile inayokaa juu ya mawe chini ya mparachichi, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Jumapili tulimpelekea sukari na majani, nami nikajitia mjuzi. Nikamwambia Peugeot 504 imeipita 404 kwa kila kitu. Ilipotoka mwaka 1968, kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka kivyake. Hii yake ya enzi za 1960 ina ekseli moja nzima, ukiingia shimo upande wa kushoto, wa kulia nao unalalamika.

Mjomba hakuinua kichwa. Alikuwa akifuta yale mapezi ya nyuma kwa kitambaa.

"Wewe ulisafiria 504 gani?"

"Zile Pijo za Nakuru. Nikienda shule."

"Hizo zilikuwa steshen wagoni. Nyuma ekseli nzima, sawa na hii. Unayoisema wewe ni saluni, ile yenye buti." Akakung'uta kitambaa. "Halafu wewe ulikuwa abiria tu."

Tu! Angesema "ulikuwa abiria" ningenyamaza. Wiki hii Mama ametolewa mtoto wa jicho, mimi nimepewa barua ya uhamisho wa Garissa, lakini nikiosha vyombo ninachosikia ni abiria tu. Alikuwa anatabasamu au hakuwa? Majibu nimeshatunga kumi na mawili. Zuri kuliko yote lilinijia jana kwenye foleni ya benki: "Mjomba, bila abiria petroli ungenunua na nini?" Nimechelewa siku nne.

Na angenirudi kwa Safari Rally, yale mashindano ya magari, namjua. 404 ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Huo wa 1968 mvua ilinyesha hasa, yakaondoka magari 93, yakamaliza saba. 504 ina 1975 na 1978 tu. (Haya, nami nimesema tu.)

Kwa sura lakini sishindwi. Zote mbili zilichorwa na Pininfarina wa Italia, ila 404 imenyooka kama karani aliyepigiwa shati pasi, na 504 ina zile taa zilizokatwa pembeni, kama mtu anayekutazama huku anajua siri yako.

Jana usiku nikimtilia Mama dawa ya macho nikamshtakia. Akacheka mpaka tone likamtiririka shavuni.

"Kwani wewe hujui ulitoka hospitali kwa gari gani?"

404 ile ile! Gia yake iko kwenye usukani, kwa hiyo mbele walikaa watatu bila kubanwa: Mjomba, Bibi katikati amenipakata, na Mama mlangoni. Nilitapikia kiti. Mjomba akasimama kando ya barabara, akapangusa, akaendelea.

"Wewe ndiye abiria wa kwanza aliyempakia bila nauli," Mama akasema.

Nimecheka peke yangu jikoni hadi chai ikafurika. Jumapili nitampelekea mayai yake mwenyewe, niyatoe kwenye kiti cha nyuma.

Ila asubuhi hii nimeishika ile chupa ya dawa. Daktari alisema mara nne kwa siku. Mimi humtilia usiku, tatu za mchana anasema anajitilia mwenyewe, na leo ni siku ya tatu. Chupa bado imejaa.