Kiinua mgongo cha rubani aliyekaribia miaka 65: tulivyokibadilisha kifungu kimoja

Kifungu chenyewe kilikuwa sentensi moja, mwishoni mwa waraka wa kupunguza wafanyakazi: malipo yote, ikiwemo notisi, hayatazidi mshahara wa msingi ambao mfanyakazi angeupata hadi kufikia umri wa kustaafu. Kwa rubani wa miaka 35 maneno hayo hayapunguzi hata senti. Mimi nilikuwa na miaka 63, na yalifuta sehemu ya malipo ya utumishi wangu.

Shirika letu lilikuwa limepoteza njia kadhaa, ndege za kukodi zimerudishwa kwa wenyewe, na marubani tulikuwa wengi kuliko kazi iliyobaki. Hilo hakuna aliyelibishia. Mkataba wetu wa hali bora ulifuata utaratibu ambao marubani wengi wanaujua: aliyeingia mwisho anatoka kwanza. Kwa hiyo sisi wakongwe tulikuwa salama, na waliokuwa wanaondoka ni marubani wasaidizi. Ili watakaoondolewa kwa lazima wapungue, kampuni ikafungua mlango wa kuondoka kwa hiari kwa yeyote, makapteni tukiwemo. Mwezi mmoja wa mshahara kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miezi 24, juu yake notisi ya miezi mitatu. Ukiishia kusoma hapo, ofa ni nzuri.

Nilichukua karatasi nikaandika mifano miwili bila majina. Kapteni ana miaka 64 na miezi miwili, amefanya kazi miaka 29. Kwa kanuni ya kawaida anafikia kikomo cha miezi 24, na notisi inamfikisha 27. Lakini kifungu kinasema asizidishe kilichobaki hadi 65, yaani miezi kumi, na notisi imo humo humo. Ondoa mitatu ya notisi: kiinua mgongo cha miaka 29 kimebaki miezi saba. Mfano wa pili, rubani msaidizi mwenye miaka minane kazini. Anapata miezi minane, na notisi yake inakaa pembeni bila kuguswa. Jumla 11. Kila mmoja kwa mshahara wake, ndiyo, lakini aliyetumikia miaka 29 ameondoka na miezi michache kuliko aliyetumikia minane.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu kabla sijaona kilichokuwa kinanisumbua. Ukali wa kikomo haukuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kwa kijana kampuni ilihesabu kwenda nyuma, miaka aliyofanya kazi, na kwa mzee ikageuka kuhesabu kwenda mbele, miezi iliyobaki. Kama kiinua mgongo ni malipo ya utumishi, basi utumishi wa kila mtu uhesabiwe. Kama ni fidia ya mshahara utakaokosekana, basi kijana wa miaka 35 anadai miaka 30, na hakuna kampuni itakayolipa hiyo. Huwezi kuchagua kipimo kwa kumwangalia mtu umri, ukampa kila mmoja kile kinachomwachia kidogo. Hoja hiyo ndiyo niliyoibeba hadi mwisho, na kila nilipoyumbishwa na hesabu nyingine nilirudi kwake.

Kwa wasio marubani niseme kidogo kuhusu hiyo 65. Si tarehe iliyotungwa na idara ya rasilimali watu. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinamzuia mwenye miaka 65 kurusha ndege ya abiria kwenye safari ya kimataifa, hata kama kuna rubani mwingine kando yake. Hadi Novemba 2006 kikomo kilikuwa 60. Kilipopandishwa, sharti likawa kwamba mwenzako awe chini ya miaka 60, na sharti hilo likaondolewa mwaka 2014. Marekani ilifuata Desemba 2007, na sheria yao haikuwarudishia nafasi waliokuwa wametimiza 60 kabla ya siku ya kusainiwa. Mtu aliyezaliwa wiki chache mapema alipoteza miaka mitano ya kazi. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi mstari wa umri unavyoweza kumkata mtu vibaya hata pale nia ilipokuwa njema.

Kabla ya kwenda kwa kampuni nilitaka kwanza kuongea na vijana wetu. Chama cha marubani ni kimoja, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, wengi wao waliamini fungu la fedha ni lile lile: tukipata sisi wanakosa wao. Kwenye kikao rubani msaidizi mmoja alisimama akasema kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno:

"Kapteni, samahani. Ninyi mna pensheni, nyumba mmeshajenga, watoto wamemaliza shule. Mimi bado nadaiwa ada ya chuo cha urubani. Kweli tuanze kupigania ninyi?"

Lilikuwa swali la haki na lilistahili jibu la kweli. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu fikiria upande wa kapteni mwenye miaka 64. Akiondoka leo anapata miezi kumi ya mshahara mtupu. Akibaki anapata miezi hiyo hiyo kumi, pamoja na posho za safari, malipo ya saa za kuruka na mchango wa pensheni. Atafanya nini?"

"Atabaki."

"Na akibaki, nani anaondoka?"

Hakujibu, na hakukuwa na haja. Kila kapteni ambaye kifungu kile kilimfungia mlango alikuwa anamsukuma nje rubani msaidizi mmoja, pengine na zaidi ya mmoja ukilinganisha mishahara. Kifungu kilichodhaniwa kinalinda fungu la vijana ndicho kilichokuwa kinawapunguza kazini. Kuanzia siku ile tulikwenda mezani tukiwa kitu kimoja, na naamini bila hivyo tusingepata chochote.

Upande wa kampuni ulikuwa na hoja yao, na sikutaka kuidharau. Walisema haiwezekani mtu aliyebakiza miezi miwili alipwe miezi 24. Hiyo si fidia ya aliyepoteza kazi, ni zawadi, na fedha zake zinatoka kwa wengine. Nakubaliana nao. Hata mahakama ya rufaa ya masuala ya kazi ya Uingereza, mwaka 2010, ilikubali kikomo cha namna hiyo: mpango wa kupunguza wafanyakazi unaweza kumzuia mtu asipate zaidi ya ambacho angekipata kama angebaki. Mwanasheria wa kampuni alikuja na hukumu hiyo, na alikuwa na haki kuileta.

Sisi tukaja na nyingine mbili. Oktoba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyotoka Denmark, kwamba ni ubaguzi wa umri kumnyima mtu kiinua mgongo kwa sababu tu amefikia umri wa kupata pensheni, ilhali yeye anataka kuendelea kufanya kazi. Na Desemba 2012 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Ujerumani, ilikubali mpango uliowapunguzia malipo wafanyakazi waliozidi miaka 54. Mtu anaweza kushangaa kwa nini tuliileta hukumu inayoonekana kutupinga. Tuliileta kwa sababu ya jambo moja lililokuwa ndani ya mpango ule: hata baada ya kupunguziwa, mkongwe alihakikishiwa angalau nusu ya kiasi ambacho kanuni ya kawaida ingempa. Hukumu hizi zote hazikuifunga kampuni yetu. Lakini mtu akiona kwamba waajiri wengine wameshaweka sakafu, yaani kiwango cha chini kabisa, na hawakufilisika, mazungumzo yanabadilika.

Kwa hiyo hatukuomba kifungu kifutwe. Tuliomba kikomo kibaki na kiwekewe sakafu. Kapteni wa mfano wangu angepata nusu ya 24, yaani miezi 12, na notisi yake mitatu ikae pembeni kama ya kila mtu. Hapo wahasibu walikataa katakata: bado ni zaidi ya miezi kumi aliyobakiza. Tukawarudisha kwenye kipimo. Ile nusu ni ya miaka 29 aliyokwisha kuifanya, haina uhusiano na miezi iliyobaki. Tukaongeza na gharama ambazo hazikuwa kwenye jedwali lao. Kapteni huyo akibaki kuna ukaguzi wa kwenye simuleta (mashine ya mazoezi inayoiga ndege) mara mbili kwa mwaka, na kwa kuwa amepita miaka 60, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinahuishwa kila baada ya miezi sita badala ya mwaka. Rubani msaidizi aliyeondolewa naye anapoteza wepesi wake haraka: asipofanya angalau kupaa mara tatu na kutua mara tatu ndani ya siku 90, hawezi kubeba abiria mpaka arejeshwe kwenye mafunzo. Na makapteni wote waliobaki wataondoka kwa umri muda si mrefu, mmoja baada ya mwingine. Siku hiyo kampuni itatafuta nani wa kupandishwa cheo? Wale wale iliowatoa.

Nadhani swali hilo ndilo lililowalainisha, kuliko hukumu zote.

Tulichopata: notisi haikuhesabiwa tena ndani ya kikomo. Sakafu ya nusu iliingia kwenye maandishi. Na kikomo chenyewe kikaacha kuhesabu mshahara wa msingi peke yake, kikajumuisha mchango wa pensheni wa mwajiri. Posho za safari walizikataa, na kwa kweli hizo ni gharama za kuwa safarini, sikuzipigania sana. Tulichokosa kinaniuma zaidi: tuliomba kwamba kikomo cha umri kikipandishwa kabla mtu hajatimiza 65, hesabu yake irudiwe. Walijibu kwamba hawawezi kuahidi juu ya sheria ambayo haipo. Bunge la Marekani lilijadili kupandisha hadi 67 na sheria ya mwaka 2024 ikaacha 65 ilivyo, kwa hiyo walikuwa na pa kushikia.

Baada ya hapo makapteni kadhaa tulijiandikisha kuondoka. Wengine walibaki hadi 65 na hiyo ni haki yao, mtu asilazimishwe kuondoka kwa hiari, na tulihakikisha hakuna kapteni anayepigiwa simu na meneja wake kuulizwa "mzee, bado hujaamua?" Simu za aina hiyo ni shinikizo, na tuliandika hivyo.

Kwa aliye kwenye hali hii sasa, kuna mambo mawili matatu ambayo waraka hautakuambia. Usiache cheti cha afya kiishe muda wakati mazungumzo yanaendelea. Ukikutwa huna cheti halali utahamishwa kutoka meza ya kupunguzwa kazi kwenda meza ya ugonjwa, na kanuni za huko ni tofauti. Usitegemee bima ya kupoteza leseni kuziba pengo, kwa sababu bima nyingi za aina hiyo hupunguza malipo kadiri unavyokaribia umri wa kustaafu. Dai hesabu yako mwenyewe kwa maandishi, mstari kwa mstari, iliyosainiwa, kabla hujasaini ya kwao. Yangu ya kwanza ilikuja na tarehe ya kuajiriwa ya mkataba wangu wa pili, miaka minne imeachwa nje, na iliwachukua mchana mmoja kuirekebisha.

Na uliza kuhusu ukufunzi. Kikomo cha 65 kinahusu kukaa kwenye usukani wa ndege ya abiria. Kufundisha ndani ya simuleta ni jambo lingine, linategemea mamlaka ya anga ya nchi yako. Sisi tuliingiza kwenye makubaliano kwamba anayeondoka mwenye sifa za ukufunzi afikiriwe kwanza kabla ya kuajiriwa mkufunzi kutoka nje. Nimekuwa nikifundisha tangu nilipoondoka, na baadhi ya wanafunzi wangu ni marubani wasaidizi waliobaki kazini, sasa wakijiandaa kuwa makapteni.