Heshima ya Ndoa kwenye Nguzo ya Umeme

Karibu na kituo cha daladala ninachopandia asubuhi kuna nguzo ya umeme yenye kibao cha bati kilichopigiliwa misumari, na juu yake, kwa rangi nyekundu ya mkono, kuna tangazo ambalo mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaweza kulisoma akiwa amefumba macho: namba ya simu, kisha nguvu za kiume na maumbile madogo, na chini yake kuongeza makalio, kupunguza tumbo, kumrudisha mpenzi. Foleni ya kusubiri gari haina kingine cha kusoma, kwa hiyo nimekisoma mara nyingi, na kilichonivutia ni mgawanyo wake. Mwanaume anaambiwa kwamba kasoro yake imo mahali ambapo haionekani na yeyote isipokuwa mtu mmoja. Mwanamke anaambiwa kwamba kasoro yake inaonekana na mtaa mzima. Nikiyatazama matangazo ya redio, televisheni na mabango makubwa ya barabarani, yale yanayotengenezwa na mawakala wenye ofisi zenye viyoyozi, naona yanafuata mgawanyo huohuo, ila kwa maneno laini zaidi na picha za gharama.

Nianze na wanaume, kwa sababu mjadala huu ukianzishwa wao ndio husahaulika. Muuza mihogo mibichi, karanga mbichi na vipande vya nazi anayepita mchana akimwona mwanaume hushusha sauti kidogo na kusema, "Kaka, heshima ya ndoa hii." Jioni supu ya pweza inauzwa kwa maneno hayohayo. Huo ni utani, wote wanacheka, na mimi sioni ubaya wake wowote, kwani muhogo ni chakula na bei yake haijamfilisi mtu. Utani huo hubadilika sura unapoingia redioni usiku, ambako sauti nzito inamuuliza msikilizaji kama ana uhakika kwamba mwenzake anaridhika. Mtu aliyekuwa amelala salama salimini anaanza kujipima, tena bila kipimo, maana tangazo halisemi kiasi cha kawaida ni kipi. Likisema, nusu ya wasikilizaji watajikuta wazima na hawatapiga simu.

Hapo ndipo siri inapoleta faida. Wanaume tunaambizana mengi vijiweni, lakini jambo hili huzungumzwa kwa majigambo tu, na kila anayesikiliza majigambo ya wenzake anaamini kwamba ni yeye peke yake aliyebaki nyuma. Aliyenunua unga unaoitwa vumbi la Kongo hawezi kumuuliza rafiki kama kweli unafanya kazi. Hawezi kuurudisha, hawezi kudai fedha zake, na hata ukimdhuru atamwambia daktari kwamba amekula chakula kibovu. Sijui muuzaji gani angemkataa mteja wa namna hiyo.

Madhara yake si ya mfukoni pekee. Kupungua kwa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine: kisukari, shinikizo la damu, mishipa ya moyo inayoanza kuziba, msongo wa mawazo, sigara, pombe, au dawa ambazo mgonjwa anazitumia kwa tatizo jingine. Mishipa ya sehemu hizo ni midogo, hivyo huweza kuonyesha hitilafu miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Mwanaume aliyefundishwa na tangazo kwamba suala lake ni la uanaume huenda kwa muuza unga, wakati tone la damu kwenye kipimo cha sukari lingemweleza habari kamili. Isitoshe, mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali, Marekani ikiwemo, zimekuwa zikionya kwamba baadhi ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la tiba asili zimekutwa na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, iliyochanganywa kimyakimya, na dawa hiyo ikikutana mwilini na zile za nitreti wanazopewa wagonjwa wa moyo, presha inaweza kuporomoka ghafla kiasi cha kuua.

Sildenafili ndiyo hiyo inayouzwa kwa jina la Viagra. Baada ya kuiingiza sokoni Marekani mwaka 1998, kampuni ya Pfizer ilimtumia Bob Dole, aliyekuwa seneta kwa miaka mingi na mgombea urais wa mwaka 1996, mtu aliyejeruhiwa vibaya katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye hakuna aliyeweza kuutilia shaka uanaume wake, azungumze kwenye televisheni kuhusu upungufu wa nguvu za kiume kwa jina lake la kitabibu. Sitaki kuisifu kampuni ya dawa kupita kiasi, kwani ilikuwa inatafuta faida kama nyingine yoyote. Lakini tangazo lile lilimpeleka mtazamaji kwa daktari. La kwetu linampeleka kwenye namba ya simu isiyo na jina.

Kwa wanawake mambo hufanyika hadharani. Tangazo la sabuni ya unga ambalo sote tumelikulia lina hadithi moja: mtoto anarudi na shati la shule lililojaa tope, mama anashika kichwa, jirani ana shuka jeupe linalong'aa kwenye kamba, kisha pakiti inaingia na povu linatenda muujiza. Mwishoni baba anatokea, ananusa shati lake na kutabasamu. Tazama kwa makini nani anamhukumu mama huyo. Mume anakuja mwishoni kutoa alama tu. Ukaguzi wote wa kati umefanywa na wanawake wenzake, yaani jirani, wifi, au mama mkwe anayepitisha kidole kwenye kola. Tangazo limewapa wanawake kazi ya kuchungana wao kwa wao, tena bila malipo. Sauti inayoeleza jinsi chembechembe za sabuni zinavyoingia kwenye nyuzi za nguo, hata hivyo, ni ya mwanaume mara nyingi, ingawa mikono iliyo kwenye beseni si yake.

Watetezi wa matangazo haya husema kwamba yanaonyesha jamii ilivyo. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, maana wengi wanaofua nyumbani kwetu ni wanawake na wasichana wa kazi. Lakini dobi wa mtaani kwetu ni mwanaume, na vijana waliopanga chumba kimoja kimoja nyuma ya nyumba yetu hufua wenyewe kila Jumapili, kamba imejaa jinzi na jezi za Simba na Yanga. Hao wote wananunua sabuni ya unga. Sijawahi kuwaona kwenye tangazo lake, isipokuwa pale mwanaume anapofua vibaya ili tucheke.

Kuhusu rangi ya ngozi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mkorogo umeshaandikwa sana. Krimu ya Fair & Lovely ilianzishwa India mwaka 1975, na kwa miongo mingi matangazo yake yalisimulia habari ya msichana mweusi anayekosa kazi au mchumba, anajipaka, anang'aa, anapata. Mwaka 2020, baada ya maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi kuenea duniani, Unilever, kampuni inayoitengeneza, iliibadilisha jina ikawa Glow & Lovely. Mfano unaonivutia zaidi ni wa kampuni nyingine ya hukohuko India, Emami, iliyotoa mwaka 2005 krimu ya wanaume iitwayo Fair and Handsome. Mwigizaji Shah Rukh Khan alitangaza krimu hiyo, na tangazo moja lilimdhihaki kijana anayejipaka kwa kificho krimu ya wanawake, likamtaka atumie yake ya kiume. Kijana huyo alikuwa na aibu moja, ya weusi. Alipomaliza kutazama alikuwa na mbili.

Kama kuna mtu bado anaamini kwamba matangazo hufuata tu maumbile ya mwanaume na mwanamke, asome historia ya Marlboro. Philip Morris ilianza kuiuza Marekani katika miaka ya 1920 kama sigara ya kina mama, laini, kwa maneno yaliyoifananisha na upole wa mwezi wa Mei, na baadaye ikawekewa ncha nyekundu ili alama ya rangi ya mdomo isionekane. Katikati ya miaka ya 1950, wakati sigara zenye kichungi zilipokuwa zikionekana za kike, wakala Leo Burnett wa Chicago alipewa kazi ya kuigeuza, naye akaleta mchunga ng'ombe mwenye kofia pana na uso uliochomwa na jua. Jina lilibaki lilelile, na katika muda mfupi sigara ya kike ikawa kielelezo cha uanaume duniani kote, mpaka kwenye mabango ya miji ambayo haijawahi kumwona mchunga ng'ombe wa Texas. Upande wa pili, tarehe 31 Machi 1929, Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma aliyekuwa akilipwa na kampuni ya sigara ya American Tobacco, alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka ya New York, na sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Kwa hiyo hata ukombozi wa mwanamke unaweza kufungwa kwenye pakiti na kuuzwa. Huwa nalikumbuka hilo kila tarehe 8 Machi, kampuni zinapowapongeza kina mama mashujaa kwa picha ya beseni la povu.

Uingereza imejaribu kutumia kanuni. Tangu Juni 2019 msimamizi wa matangazo huko anaweza kuzuia tangazo linaloeneza dhana potofu na zenye madhara kuhusu jinsia, na Agosti ya mwaka huo yalizuiwa mawili ya kwanza: moja la jibini ya Philadelphia, lenye kina baba wawili waliozubaa hadi watoto wakachukuliwa na mkanda wa kusambazia chakula mgahawani, na jingine la gari la Volkswagen, lenye wanaume wakifanya mambo ya kishujaa huku mwanamke ameketi kando ya kigari cha mtoto. Wapo waliocheka kwamba serikali ya Malkia imekosa kazi. Mimi niliona jambo la maana katika lile la kwanza, kwamba lilizuiwa kwa sababu ya kuwadharau wanaume, kwa kuwaonyesha kama watu wasioweza kulea.

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo iliunda baraza la kuwasajili waganga. Sheria ya kwanza inafaa tangazo likidanganya. Haimkamati anayeuliza swali tu, na swali la redioni usiku halidanganyi chochote, kwa sababu halidai chochote. Simu za mkononi zimeongeza ugumu: dada anayeonyesha kwenye TikTok jinsi alivyopata "shepu" haonekani kama tangazo, anaonekana kama rafiki, na namba ya malipo imo kwenye maelezo yake.

Siamini kwamba tutaiga kanuni ya Waingereza karibuni. Lakini vituo vyetu vimezoea kusoma kwa haraka "vigezo na masharti kuzingatiwa" baada ya kila tangazo la kubashiri matokeo ya mpira, kwa hiyo havishindwi kusoma sentensi nyingine baada ya kila tangazo la nguvu za kiume, inayomtaka msikilizaji apime sukari na presha kwanza kabla ya kununua chochote. Wauzaji wa dawa hizo wakipoteza wateja kwa sentensi hiyo, tutakuwa tumejua walikuwa wakiuza nini. Upande wa sabuni sina sheria ya kupendekeza. Nasema tu kwamba dobi wetu hununua unga kwa mfuko mkubwa, si kwa pakiti ndogo, na wakala anayetafuta mteja wa kweli atamkuta pale kwenye kona, mikono imekunjamana kwa maji, akipokea mashati ya watu wazima waliofundishwa kwamba kufua ni kazi ya mama yao.