Usiku wa grifo

Ilikuwa Januari 2016, niko Granada, kusini mwa Hispania, nimepanga kwenye nyumba ya zamani mtaa wa Albaicín, ule wa vichochoro vya kupanda na kushuka, na baridi yake jamani usiombe. Kispania changu kilikuwa cha darasani, cha kujitambulisha na kuulizia basi.

Saa tano usiku nataka kunawa uso. Nikafungua koki yenye herufi C nikijua ndo maji baridi, kumbe kwao C ni caliente, ya moto, baridi ni F, fría. Yakaniunguza vidole, nikairudisha kwa nguvu nikitaka kufunga na koki yenyewe ilishachoka, ikang'oka mkononi, maji yakaruka mpaka darini. Nikatupa taulo, nikatupa shuka, maji yale yanaelekea mlangoni tu.

Mara hodi. Bibi wa chini, koti juu ya gauni la kulalia, maji yanamdondokea sebuleni. Neno la koki silijui, nikapiga kelele la kwetu: "Señora, la bomba, la bomba!" Sasa bomba sisi tulilipata kwa Wareno, ila ukimwambia Mspania bomba anasikia pampu, au kile cha kulipuka. Alishika ukuta, uso umembadilika, mpaka leo nikikumbuka naumia. Kisha akasikia maji.

"El grifo, hija, el grifo!" Yaani koki, binti, koki. Akanipita, akainama chini ya sinki na magoti yake yale, akasukuma ndoo, akazungusha kigurudumu kidogo nyuma ya bomba. Kimya. "Llave de paso," akasema, ndo jina la hicho kigurudumu cha kufungia maji, akanishika mkono akaniwekea pale pale kwenye chuma, nikifunge na kukifungua mwenyewe mara mbili.

Tulipiga deki pamoja mpaka saa saba. Na kila alipopitisha tambara alitaja, nami narudia: sinki ni lavabo, choo ni váter, tangi lake cisterna, kile kibakuli kirefu cha kujisafishia ni bidé. Marumaru azulejos, neno walilolichukua kwa Waarabu. Alipogusa sabuni akasema jabón, hiyo jota, yaani herufi j, inatoka kooni kama kh, nikamwambia kwetu ni sabuni, akairudia taratibu, sabuni, sabuni, amefurahi kweli. Kile kichwa cha bomba la mvua akakiita alcachofa, akaona sijaelewa, akashuka ngazi zote zile akarudi na mboga mkononi, ya kijani, imejifunga majani yake kama ua lisilochanua, akaiinua akaiweka sambamba nacho. Kweli vinafanana.

Asubuhi fontanero, fundi bomba, akaja. Bibi alisimama kwenye ngazi kanyamaza kabisa, ananiacha niseme mwenyewe. Se ha roto el grifo del lavabo, nikasema, la llave de paso está cerrada: koki ya sinki imevunjika, kigurudumu cha maji kimefungwa. Fundi akaitikia kwa kichwa, akafungua mkoba wake wa spana.