William Clarke, mwashi aliyeuza kriketi

Waliocheza chini yake walisimulia kwamba mechi ikiisha William Clarke aliketi mbele ya lundo la sarafu za dhahabu na fedha, akawaita wachezaji wake na kumhesabia kila mmoja ujira wake, kwa kawaida kati ya paundi 4 na 6, kisha zilizobaki akazikusanya na kuzitia mfukoni mwake. Wenzake walimwona mkono wa birika. Mimi, kadiri ninavyosoma habari zake, namwona zaidi kama mwajiri, kwa sifa na kwa lawama zote zinazoambatana na neno hilo.

Alizaliwa Nottingham mwezi Desemba 1798, akajifunza kazi ya uashi, na bado alikuwa kijana alipoanza kuuchezea mji wake. Baadaye aliacha matofali akawa mwenye nyumba ya wageni. Alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia katika mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa mkono, ajali ambayo ingetosha kumwondoa mtu yeyote uwanjani. Yeye aliendelea kucheza, na miaka yake bora ilikuja akiwa na jicho moja.

Mwaka 1837 alimwoa mjane aliyekuwa akiendesha nyumba ya wageni kando ya daraja la mto Trent, na mwaka uliofuata akafungua uwanja wa kriketi katika ardhi iliyokuwa nyuma ya nyumba hiyo, akauzungushia ua na kutoza kiingilio. Watu wa Nottingham, waliozoea kutazama mechi bure katika uwanja wa wazi wa mji, hawakufurahi. Lakini fikra yenyewe ilikuwa nyepesi: mtu anayetazama mchezo ananunua kitu, na kitu hicho kina bei. Uwanja huo ndio Trent Bridge, ambao mpaka leo timu ya taifa ya Uingereza inautumia.

Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 47, alikwenda London kuajiriwa na klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) katika uwanja wa Lord's, ambako kazi yake ilikuwa kuwarushia mipira wanachama wakijizoeza. Wengi kwa umri huo wangeshukuru kupata kibarua cha namna hiyo na kutulia nacho. Yeye mwaka huohuo aliunda kikosi alichokiita All-England Eleven, akawakusanya wachezaji bora wa kulipwa wa zama zake, wakiwemo Fuller Pilch na William Lillywhite, pamoja na mabwana wachache waliohesabiwa kuwa wachezaji wa ridhaa, akawatembeza nchini. Mechi ya kwanza walicheza Sheffield dhidi ya wenyeji ishirini, wakashindwa. Tofauti hiyo ya idadi ndiyo iliyokuwa siri ya biashara yake, kwa kuwa wenyeji waliruhusiwa kuingiza watu 18, 20 au 22 dhidi ya 11, hivyo mji mdogo uliweza kutumaini ushindi na watu wakaja kulipa kiingilio. Reli, iliyokuwa ikienea kwa kasi, ndiyo iliyokiwezesha kikosi kumaliza mechi katika mji mmoja na kuanza nyingine mbali baada ya siku chache.

Yeye mwenyewe alikuwa kivutio. Wakati warushaji wengi walikuwa wamekwisha kuinua mkono hadi usawa wa bega, yeye alibaki na mtindo wa kale wa kurusha kwa chini, mkono ukiachia mpira karibu na kiuno, taratibu, ukipaa kidogo kisha ukitua na kugeuka. Kabla ya mechi alipenda kuzunguka uwanjani akiwatazama wapinzani wakijizoeza, na mpaka mchezo unaanza alikwishajua nani ana papara na nani hajui kuutumia mguu wake wa mbele. Mwaka 1853 pekee anahesabiwa kuangusha wiketi 476, yaani kuwatoa wapigaji mara 476, nyingi zikiwa za watu wa vijijini ambao hawakuwahi kuona mpira wa aina ile.

Ila tatizo la malipo halikwisha. Wachezaji waliona umati, walijua kiingilio, na hesabu haikuwatoka akilini. Mwaka 1852 John Wisden, yule ambaye miaka 12 baadaye alianza kuchapisha kitabu cha mwaka cha kriketi chenye jina lake, aliungana na Jemmy Dean kuanzisha kikosi cha pili, na wenzao wakaapa kutocheza mechi yoyote inayosimamiwa na Clarke. Nawaunga mkono, kwani mzigo wa safari ulikuwa wao. Hata hivyo sioni wangepata wapi ujasiri wa kujitegemea kama yeye hakuwa amekwisha kuwaonyesha, kwa miaka sita, kwamba watazamaji wapo na wanalipa.

Clarke aliendelea kucheza hadi mwaka wa kifo chake. Mwezi Juni 1856, huko Whitehaven, aliangusha wiketi kwa mpira wa mwisho aliowahi kuurusha katika kikosi chake, na mwezi Agosti akafariki. Maisha yake yote alikataa kukutana na kikosi cha walioasi. Mwaka 1857, akiwa tayari kaburini, vikosi hivyo viwili vilikutana Lord's.