Tenda ya mahindi, mwaka ule wa unga wa tisini

2017 unga ulipanda vibaya, mpaka mwezi wa tano serikali ikatoa ule wa ruzuku wa shilingi 90 kwa kilo mbili, na ndo wakati huohuo mimi nikaiona tenda ya kupeleka mahindi na maharagwe shule moja ya bweni hapa Pwani ya Kenya. Cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kutengea vijana, wanawake na walemavu tenda, nilikuwa nacho, laptopu iko wazi, nataka kuandika usiku huohuo. Shangazi yangu, kastaafu ofisi ya ununuzi, akaniambia, "Mwanangu, hebu funga hiyo kwanza, tusome wanataka nini."

Tukakaa barazani na zile karatasi za tenda, kila penye lazima anapiga mstari. Cheti cha kodi cha KRA kiwe hai mpaka siku ya kufunga, vijana tunajaza fomu ya tamko badala ya dhamana ya benki, na kurasa zote zipigwe namba mfululizo, hiyo imo kwenye sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 na kuna watu kawaona na bei zao nzuri wakaanguka hapohapo, bei yenyewe haikuangaliwa. Iliniuma kweli, mtu ana mali safi anakosa kazi kwa namba za kurasa.

Lakini bei ndo ilitutoa jasho. Ukishasaini, sheria hairuhusu kupandisha ndani ya miezi 12, sasa mahindi ya mwaka kama ule utayawekea ngapi? Alfajiri tukaingia soko la Kongowea, Mombasa, duka moja baada ya lingine, gunia la kilo 90 lauzwa vipi kabla ya mavuno na baada, lori mpaka shule ni ngapi, na mzigo wa Tanzania ukikwama mpakani bei yaruka kiasi gani. Hilo la mpaka Shangazi aliling'ang'ania sana, akaulizia kila mtu, tukaweka bei inayolibeba. Kuandika baada ya hapo hata hakukuwa kazi.

Sanduku lilipofunguliwa bei zikasomwa mbele yetu, kuna waliokuwa chini yetu, roho ikanidunda. Halafu mwezi wa sita, barua za matokeo hazijatoka, Magufuli, rais wa Tanzania wakati ule, akazuia mahindi kutoka kwao. Nikampigia Shangazi mbio. "Si tulishaliweka hilo," akasema, "wewe nenda kahakikishe lori."

Barua ilikuja na jina letu, na bei ile tuliibeba mwaka mzima bila kukopa.