Bamvua ya Mikindani

Diazepamu wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium, au tunasema tu vidonge vya usingizi. Mimi sikuandikiwa kwa ajili ya usingizi. Bodaboda niliyopanda Dar es Salaam iligongwa ubavuni na gari, misuli ya kiuno ikakaza hata kujigeuza kitandani ikawa kazi ya kuita watu, na kliniki moja ikaniandikia vidonge vya miligramu 5, kimoja kutwa mara tatu, vilegeze misuli. Vililegeza. Nililala, mgongo ukapona, nikarudi kazini. Lakini kila nilipokwenda kujionyesha waliniandikia vingine, na hakuna aliyetaja siku ya kuacha. Dawa hii kwa kawaida mtu hupewa kwa wiki mbili hadi nne. Mimi niliendelea nayo mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha.

Halafu siku moja daktari mgeni katika kliniki ileile alifungua faili langu, akakunja uso, akasema niache kuanzia leo. Siku za mwanzo sikuona kitu, kwa sababu diazepamu hukaa mwilini muda mrefu kabla ya kwisha. Ilipokwisha ndipo nilipojua. Mikono ilitetemeka nikashindwa kushika kikombe. Masikio yalivuma usiku na mchana. Mwanga wa dirishani uliniumiza macho, jasho lilinitoka nikiwa nimekaa tu, na usingizi ulikatika kabisa. Mdogo wangu alinipeleka hospitali usiku, na huko ndiko nilikomkuta daktari aliyenieleza jambo hili kwa mara ya kwanza.

Alisema ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA, na diazepamu huiongezea nguvu. Ukiutumia msaada huo muda mrefu, ubongo unauzoea, na sehemu zake zinazoipokea GABA zinapunguza usikivu. Dawa ikiondolewa kwa mkupuo, hakuna tena cha kuituliza mishipa ya fahamu. Hapo mtu anaweza kupata degedege, na degedege hiyo inaweza kumuua. Alinirudishia dozi yangu usiku uleule, kisha akaniambia tutaishuka pole pole, kipande kwa kipande, kwa miezi mingi. Naliandika hili wazi kwa yeyote anayemeza dawa za jamii hii: usiziache ghafla, wala usikubali kuachishwa ghafla.

Nikaomba likizo isiyo na malipo, nikarudi Mikindani kwa mama mdogo.

Mikindani iko kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba yake yenyewe, mikoko pembeni, minazi juu, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 likiangalia maji kutoka kilimani. Nyumba ya mama mdogo iko upande wa pwani. Dirisha la chumba changu lilipokea upepo wote wa kusi, na usiku nilisikia maji yakija na kuondoka. Kwa mtu ambaye sauti ya mlango kufungwa ilimshtua kama risasi, ile ilikuwa sauti pekee niliyoweza kuivumilia.

Daktari wa Mtwara mjini aliyenipokea na barua yangu alikuwa mtu asiye na haraka. Tulipunguza robo ya kidonge, tukasubiri wiki tatu au nne, tukaona mwili unasemaje, ndipo tukapunguza tena. Alinikataza kahawa na chai ya rangi, jambo gumu Mikindani ambako kahawa ndiyo baraza lenyewe. Alinikataza pombe ya aina yoyote, hata uraka wa mabibo ambao msimu wa korosho hunukia kila kona, kwa kuwa pombe nayo inaichezea GABA ileile. Nilipomwomba ruhusa ya kuanza kukimbia ili nichoke nilale, alikataa pia. Alisema mazoezi ya nguvu huupandisha moyo na kuumwaga mwilini ule msisimko wa hofu, na mwili ulio katika hali yangu hautofautishi kati ya mbio za mazoezi na mbio za kumkimbia chui. Tembea, akasema. Tembea taratibu, acha ukiwa bado una nguvu.

Alinifundisha pia kukaza na kulegeza. Njia hiyo aliieleza daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson wa Chicago, tangu mwaka 1929, na mpaka leo inatumika. Unalala chali kwenye mkeka. Unakaza vidole vya miguu kwa sekunde chache, si kwa nguvu zote, kisha unaachia na kukaa muda mrefu zaidi ukisikiliza tofauti. Unapanda kwenye shavu la mguu, paja, tumbo, ngumi, mabega, taya, paji la uso. Misuli yangu ilikuwa imekaza mchana kutwa bila mimi kujua, taya hasa. Mtu hawezi kuiamrisha taya ilegee. Lakini akiikaza kidogo makusudi, kisha akaiachia, inajikuta imeshuka chini ya pale ilipokuwa. Wiki za mwanzo sikuona faida yoyote, na zoezi la pumzi ndefu lilinitia hofu zaidi kwa sababu lilinifanya niusikilize moyo wangu. Nilianza na miguu tu, nikaacha kifua mpaka baadaye.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema nina jini, wapo walionong'ona kwamba nimeharibikiwa na dawa za kulevya mjini. Mama mdogo hakubishana na mtu. Aliwaambia, "Mwanangu anaachishwa dawa ya hospitali," akaendelea kukuna nazi. Namshukuru kwa sentensi hiyo kuliko alivyowahi kujua, maana ilikuwa kweli tupu: nilimeza nilichoandikiwa, jinsi nilivyoandikiwa.

Yeye ndiye aliyenitoa nyumbani. Mama mdogo ni mmoja wa wanawake wanaokwenda kutanda maji yakikupwa, wawili wawili, wameshika tandilo la nguo wakizoa dagaa na uduvi, na wakati wa kurudi wakiokota chaza na kome. Siku za maji mafu bahari hairudi mbali, na matembezi yangu yalikuwa mafupi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huondoka mpaka unadhani ghuba imehama. Kila siku saa ya kupwa inasogea mbele karibu dakika hamsini, kwa hiyo sikuwa na ratiba ya kuivunja. Bahari ndiyo iliyopanga saa, nami nilifuata. Nilitembea kwenye maji ya kifundo, siku nyingine ya goti, na hapo niligundua kitu ambacho sikuambiwa na mtu: ndani ya maji huwezi kwenda kasi hata ukitaka. Maji yanakushika miguu kwa upole, na mwili unakubali.

Jambo ninalotaka kulisimulia hasa lilitokea mwezi wa kumi, bamvua ya mwezi mpevu. Kusi ilikuwa imekwisha na bahari ilikuwa shwari. Nilikuwa nimepunguza kipande siku chache nyuma, na asubuhi ile niliamka vizuri, ndiyo maana nilikubali kwenda mbali. Bamvua kwetu hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Tulitoka saa mbili na nusu, mimi nimejifunika kanga kichwani na kofia ya ukili juu yake kwa ajili ya macho, tukavuka mkondo mdogo uliokuwa umebaki na maji ya kifundo, tukaenda mpaka kwenye fungu la mchanga ambalo sikuwahi kulifika tangu utoto.

Nilikuwa nimeinama naokota kome hali iliponijia. Ilianza masikioni. Kisha mchanga ukayumba. Najua mchanga hauyumbi, lakini miguu yangu iliniambia kwamba nimesimama kwenye mtumbwi. Moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, jua likawa jeupe, na wazo moja likanijaa kichwani: degedege imekuja, nami niko katikati ya bahari. Nilipoinua macho niliona maji yameanza kurudi. Atakayekwenda kwenye mafungu ajue kwamba maji hayaji kwa mbele peke yake. Yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Mkondo tuliouvuka kwa kifundo ulikuwa sasa unang'aa.

Nilitaka kukimbia. Kila kitu ndani yangu kilisema kimbia. Nilipiga hatua mbili tatu, mguu ukazama kwenye matope, na mama mdogo akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Usikimbie, mwanangu. Ukikimbia hapa utaanguka, na ukianguka utakunywa maji. Muda tunao."

"Nakufa, mama."

"Hufi. Wewe hesabu. Vuta hatua mbili, toa hatua nne. Si ndivyo alivyokwambia daktari?"

Ndivyo alivyoniambia: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu moyo hupungua kasi wakati wa kutoa. Mwezi mzima nilikuwa nikilifanya zoezi hilo mkekani huku mama mdogo akichambua mchele pembeni, na mimi nikidhani hasikii.

Tukaanza kutembea. Mbili ndani, nne nje. Bibi mmoja miongoni mwa wale wanawake, mzee kuliko wote, alikuja upande wangu wa kushoto bila kuulizwa, akanishika mkono wa pili. Wengine walitutangulia na tandilo na ndoo, hawakugeuka kunitazama, na hiyo nayo ilikuwa heshima. Nne zilinishinda, nikatoa kwa tatu. Nilikaza ngumi ndani ya viganja vyao na kuachia, nikakaza na kuachia. Tulipofika mkondoni maji yalikuwa yanagonga magoti, kisha mapaja. Nilitegemea kwamba hapo ndipo nitakapovunjika, na kumbe hapo ndipo nilipopata nafuu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalinipunguzia mwendo, yakanishika pande zote, na kwa mara ya kwanza tangu pale funguni nilijua miguu yangu iko wapi. Yule bibi akasema, "Hapa polepole, mwanangu, chini kuna shimo," nasi tukalizunguka shimo kama watu wanaotoka sokoni.

Hali ile haikuondoka tulipofika nchi kavu. Nataka nilieleze hili kwa usahihi, maana nimekutana na watu wanaodhani mazoezi haya huzima mateso papo hapo, na wasipoona hivyo wanayaacha. Nilikaa chini ya mkungu nikitetemeka, masikio yanavuma vilevile. Kilichobadilika ni kwamba niliipitia hali yenyewe kuanzia mwanzo, kwa miguu yangu, na sikuanguka, wala sikumeza kidonge cha ziada. Nililala mchangani, nikaanza na vidole vya miguu. Wanawake walikuwa wanagawana dagaa. Waliweka mafungu kwenye majani, na fungu langu liliwekwa sawa na la wengine, ingawa ndoo yangu niliiacha funguni na kome zangu zote. Mama mdogo alinimenyea ming'oko aliyokuja nayo, nikala, nikahisi chumvi yake ulimini. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo chakula hakikuwa na ladha.

Nilipokwenda kwa daktari nilimweleza yote. Hakushtuka. Aliniambia kuhusu Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994. Aliowahudumia nao walionyesha kwamba njia hii hainyooki: mtu anaweza kuwa na siku nzuri kadhaa, kisha dalili zikarudi kwa nguvu, kisha zikapungua tena, na kurudi kwa dalili si ushahidi kwamba amerudi alikoanzia. Hakuniongezea dozi, hakunipunguzia. Alisema tubaki palepale mpaka mwezi mwingine, na aliandika kwenye kadi yangu kwamba vipande vijavyo viwe vidogo zaidi, nusu ya robo. Kukikata kidonge hivyo kwa wembe ni kazi ya subira, na vumbi lake nililimeza pia, lisipotee.

Bamvua iliyofuata nilikwenda tena. Mama mdogo aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamwambia ninayo, ila tusivuke mkondo. Wanawake wakaenda funguni, sisi wawili tukabaki huku kwenye maji ya kifundo, tukitembea kutoka mikokoni mpaka kwenye mitumbwi na kurudi. Fungu lenyewe nililifika tena baada ya masika, kipindi ambacho dozi yangu ilikuwa chini ya kidonge kimoja kwa siku. Kipande cha mwisho nilikimeza mwaka huohuo, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Usingizi ulirudi kwa kusuasua, saa mbili, kisha nne, na hadi leo nikichoka sana masikio huvuma kidogo. Siku hizo nakaza taya, naiachia, na maji yakikupwa natoka.