Nilivyoingiza kompyuta kwenye somo la samaki, Kigoma

Nafundisha biolojia ya samaki chuoni, Kigoma. Kompyuta imeingia kwenye somo langu kupitia swali moja: dagaa au mgebuka (wote ni samaki wa Ziwa Tanganyika) akirefuka, uzito wake unaongezekaje? Kuchapa barua kumesubiri. Mwanachuo wa uvuvi anayefundishwa kompyuta kama somo la pembeni hukariri vitufe, mtihani ukipita navyo vimepita.

Data zinatoka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki. Kila kundi la watu 3 linanunua samaki 60 wa aina moja, wadogo kwa wakubwa. Wakichukua wa saizi moja tu, nukta za grafu zinarundikana na hesabu haina maana. Panga zoezi kwa kuangalia mwezi, maana mbalamwezi ikikolea boti zinazovua usiku kwa taa hupumzika.

Mizani ndiyo inayowaponza wengi. Dagaa wengi wana gramu chache tu, kwa hiyo ile ya jikoni inayosoma gramu nzima inazipanga nukta kama ngazi. Tafuta inayosoma gramu 0.1, na ya 0.01 ni bora zaidi. Kuhusu urefu, kundi likubaliane mapema: hadi ncha ya mkia, au hadi kwenye panda, pale mkia unapogawanyika. Kuchanganya ni marufuku.

Programu ni LibreOffice Calc: ya bure, haidai intaneti, nagawa faili lake kwa flashi. Safu A ni urefu kwa sentimita, B uzito kwa gramu, C ni =LOG10(A2), D ni =LOG10(B2), kisha unaziburuta C na D hadi mstari wa 61. Kanuni ni uzito = a × urefu^b (a na b ni namba tunazozitafuta, ^b ni kipeo), na logi, yaani logarithimu, huigeuza kuwa mstari ulionyooka. Kupata b andika =SLOPE(D2:D61;C2:C61); kupata a, =10^INTERCEPT(D2:D61;C2:C61). Kwenye Excel, mara nyingi nukta-mkato inabidi iwe mkato.

b inatarajiwa kukaribia 3, kwani samaki asiyebadili umbo akirefuka mara 2 huwa mzito mara 8. Aliyepata 0.3 na kitu kawaida katanguliza C badala ya D. #VALUE! inaonyesha kuna aliyeandika “3.2g” ndani ya seli; kompyuta inasoma hayo kama maneno, nayo hukaa kushoto wakati namba hukaa kulia. Aliyepima kwa milimita atapata b ileile, ila a yake itakuwa ndogo kama mara 1,000. Hapo wanabishana kweli, nami nawaacha wabishane.

Alama naziweka kwenye somo la samaki: fomula zina alama 4, na 6 zilizobaki ni za kueleza b ya 2.7 inasema nini, yaani samaki anarefuka kuliko anavyonenepa. Python, lugha ya kuandikia programu, naileta baadaye kwa data zilezile. Jibu wanalo tayari, kwa hiyo b ikitoka tofauti wanarudi kukagua mistari waliyoandika.